Usiniambie Kopo Halina Nini, Niambie Lina Nini

Hii ni hotuba niliyoitoa Morogoro mbele ya wasindikaji wadogo wa vyakula na wanafunzi wa sayansi ya chakula. Waliokosa nafasi siku ile wameniomba niiandike, basi naiweka nzima kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, akina mama wasindikaji, wadogo zangu wanafunzi, itifaki imezingatiwa. Shikamooni wazee. Wengine wote, habari za asubuhi?

Nimekuja na makopo sita. Mawili ya maharage, mawili ya nyanya, moja la samaki, moja la mananasi. Nimeyanunua jana hapa hapa mjini, na usiku nikayapasua kwa mkasi wa bati, nikayakunjua yakawa bapa kama karatasi. Yapo pale mezani chini ya kitambaa. Kabla sijayafunua, naomba kila mmoja akumbuke kopo la mwisho alilofungua nyumbani kwake. Uliangalia nini? Uliangalia tarehe. Uliangalia kama limevimba. Uliangalia bei. Je, baada ya kumimina chakula, uliutazama ukuta wa ndani wa kopo?

Ukuta ule una rangi. Mara ya dhahabu, mara nyeupe kama maziwa, mara ya kijivu. Ile si rangi ya chuma. Ni utando, umepakwa na kuokwa tanurini kabla kopo halijaona chakula. Unene wake ni mikroni chache. Chukua unywele mmoja wa kichwani kwako, upasue unene wake mara kumi, kipande kimoja kinakaribia unene wa utando ule. Na ndio unaogusana na maharage yako kwa miaka miwili, kwa miaka mitatu. Mnaposema chakula cha kopo, ndugu zangu, chakula kile kimekaa ndani ya utando, na kopo liko nje yake.

Kwa nini utando upo? Bibi yangu alikuwa na sufuria kubwa ya shaba ya kupikia pilau ya shughuli. Kwa nje nyekundu, kwa ndani nyeupe, maana ilitiwa bati. Bati la ndani likichakaa na shaba ikaanza kuchungulia, bibi haipikii tena sufuria ile. Inakaa pembeni hata kama shughuli ni kesho, mpaka fundi aitie bati upya. Nikimuuliza sababu, anasema: "Shaba na ndimu zikilala pamoja, asubuhi unaamka na sumu." Bibi hakusoma kemia. Lakini alijua jambo ambalo sisi wa viwandani tunalisahau: chombo na chakula vinazungumza usiku kucha, na mpishi anawajibika kwa mazungumzo hayo.

Kopo la chakula ni bamba la chuma lililopakwa bati. Bati linalinda chuma, lakini bati lenyewe nalo huliwa. Weka nyanya zenye uchachu wake, bati linaanza kuyeyuka kidogo kidogo. Likiisha, uchachu unahamia kwenye chuma, hewa ya haidrojeni inazalika, kopo linavimba hata kama ndani hakuna kijidudu hata kimoja. Weka maharage, samaki au mahindi, uvipashe kwenye ritoti, ule mtungi mkubwa wa mvuke wa shinikizo, kwa joto la nyuzi 121 za Selsiasi. Protini inaachia salfa, salfa inashikana na bati na chuma, unafungua kopo unakuta madoa meusi kama masizi. Wasindikaji wa mahindi matamu Marekani walisumbuliwa sana na weusi huo, na katika miaka ya 1920 wakapata njia ninayoipenda kwa urahisi wake: walichanganya oksaidi ya zinki kwenye utando. Salfa ikitoka kwenye mahindi inakutana na zinki kwanza, na kinachozaliwa hapo ni kitu cheupe. Doa lipo, ila halionekani na halidhuru.

Mananasi ndiyo ya ajabu. Makopo mengi ya mananasi hayapakwi utando kwenye kiwiliwili, huachwa bati tupu kwa makusudi, kwa sababu bati likiyeyuka kidogo linaisaidia rangi ya tunda isigeuke kahawia. Kuna kikomo chake: kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, ni miligramu 250 za bati kwa kilo ya chakula cha kopo. Kopo likishafunguliwa hewa ikaingia, bati linayeyuka kwa kasi kubwa zaidi. Kwa hiyo yule mama anayefunga kopo lililobaki nusu kwa mfuko wa nailoni na kuliweka kwenye friji, mwambieni ahamishie kwenye bakuli.

Narudi kwenye utando. Sitaki mtu atoke humu akisema, "Yule dada amesema makopo ni sumu." Sijasema hivyo na sitasema. Joto lile la nyuzi 121 lipo kwa ajili ya kuua mbegu za bakteria wa botulizimu, na sumu ya botulizimu inaua mtu. Utando unaozuia kopo lisitoboke unalinda uhai. Ninachodai ni kwamba kinacholinda uhai upande mmoja kisiutafune upande wa pili.

Utando wa zamani ulitokana na utomvu wa miti na mafuta ya mbegu. Ulifaa kwa maharage, ila nyanya zikiushinda nguvu. Kisha ikaja epoksi, aina ya plastiki inayonata na kuganda ikawa ngumu, na kuanzia miaka ya 1950 epoksi ikateka viwanda vya makopo. Inashika chuma kama ngozi inavyoshika mwili. Kopo likibonyezwa haipasuki, nyanya haziivunji, ritoti haiiyeyushi. Mimi ni fundi wa makopo, na nakiri mbele yenu kwamba kwa kazi ya kulinda chuma, epoksi ni kitu kizuri mno.

Epoksi hiyo ilitengenezwa kwa kitu kinachoitwa bisfenoli A, wengi mnakijua kwa herufi zake, BPA. Sasa naomba mniazime masikio, mfuate miaka.

Mwaka 1891, mkemia wa Kirusi Aleksandr Dianin anaitengeneza BPA. Mwaka 1936, London, daktari na mkemia Edward Charles Dodds anatafuta dawa ya kufanya kazi ya homoni ya kike, estrojeni. Anajaribu kemikali moja baada ya nyingine kwa panya. BPA inakuwamo kwenye orodha yake, na matokeo yanachapishwa: BPA inaiga estrojeni, japo kwa udhaifu. Mwaka 1938 Dodds anatangaza nyingine yenye nguvu kuliko BPA, inaitwa DES. DES ikageuzwa dawa, wajawazito wakapewa kwa miaka mingi kwa matumaini ya kuzuia mimba zisiharibike. Mwaka 1971 madaktari wa Boston wakaripoti saratani adimu ya uke kwa mabinti ambao mama zao walimeza DES walipokuwa na mimba zao. Mama alimeza, binti akaugua.

Na BPA je? BPA haikuwa dawa. Ilikwenda kwenye plastiki, ikaenda kwenye epoksi, ikaingia ndani ya kopo. Hesabuni nami. Mwaka 1936 imeshaandikwa kwamba inaiga homoni. Miaka ya 1950 inapakwa kwenye makopo ya chakula. Maandishi yapo, maktaba ipo. Nani aliuliza? Watengenezaji wa utando waliuliza: inashika chuma? Inahimili uchachu? Inahimili joto? Inaongeza ladha mbaya? Maswali yote mazuri. Swali moja halikuwamo.

Kiwandani BPA huunganishwa kwa kemia ikawa mnyororo mrefu, na ikiungana vizuri haitoki. Lakini muungano huo haufiki asilimia 100. Kuna inayobaki huru, na joto la ritoti linaisukuma kuingia kwenye chakula. Mwaka 1995 watafiti wa Granada, Hispania, walichukua maji ya mboga za makopo wakayaweka kwenye seli za saratani ya matiti, aina ya seli zinazozaliana zikipata estrojeni. Seli zikazaliana. Hizo seli mziweke akilini, nitazirudia.

Mwaka 2011 watafiti wa Harvard waliwapa watu 75 supu kila siku kwa siku tano, kisha baada ya mapumziko wakabadilishana: wa supu ya kopo wakala iliyopikwa fresh, na wa fresh wakala ya kopo. Wakati wa supu ya kopo, BPA kwenye mkojo wao ilipanda kwa zaidi ya asilimia 1,000. Kwa bakuli moja la supu kwa siku. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, mwaka 2015 ilisema mtu anaweza kuvumilia maikrogramu 4 za BPA kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwaka 2023 ikashusha kikomo hicho hadi nanogramu 0.2, na nanogramu 1,000 ndizo zinazofanya maikrogramu moja. Mara 20,000 chini. Ni haki niseme pia kwamba taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari ilipinga hesabu hiyo na ikaweka kikomo chake juu zaidi, nanogramu 200. Wataalamu wanabishana. Lakini hata hicho cha Ujerumani ni mara 20 chini ya kile cha 2015.

Ufaransa haikungoja. Tangu Januari 2015 ilipiga marufuku BPA kwenye vifungashio vyote vya chakula. Umoja wa Ulaya mzima ukafuata kwa kanuni iliyoanza kutumika Januari 2025, na makopo ya matunda, mboga na samaki yakapewa muda wa kujirekebisha hadi Januari 2028. Mkidhani hilo ni la Wazungu, muulizeni anayefunga mananasi pale Thika, Kenya, au jodari kule Shelisheli. Makopo yao yanakwenda Ulaya. Na mstari wa kupaka utando ukibadilishwa kwa ajili ya soko la nje, utando wa zamani utauzwa wapi? Naomba swali hilo mliweke mfukoni. Ni la kwetu.

Nawaeleza sasa yaliyonipata mwenyewe, kwa sababu ndiyo yaliyonileta kwenye kazi hii.

Nilikuwa kijana wa udhibiti wa ubora katika kiwanda kimoja, sitakitaja. Tulikuwa tunafunga nyanya. Siku moja yakaja makopo mapya, bei nafuu, na kila boksi lina maandishi makubwa ya kijani: halina BPA. Wakubwa walifurahi, nami nilifurahi. Tukajaza, tukapasha, tukapeleka sokoni. Mwezi wa nne likarudi kopo la kwanza. Nililifungua mwenyewe. Nyanya zilikuwa zimepauka, zina ladha ya kulamba msumari. Nikamwaga, nikaosha, nikapitisha kidole ukutani. Utando ukanifuata kidoleni. Ulitoka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua, vipande laini vya manjano, na chini yake chuma kimeshaota madoa. Nikafungua la pili, la tatu, la kumi. Yote ni yale yale, na ulipochubukia hasa ni kwenye mikunjo ya ubavuni, pale bamba linapokunjwa ili kopo liwe imara.

Nikampigia muuzaji simu. Nikamuuliza, "Kaka, huu utando ni wa nini?" Akajibu, "Dada, hauna BPA." Nikamwambia, "Hilo nimelisoma kwenye boksi. Nauliza ni wa nini. Poliesta? Akriliki? Epoksi ya aina nyingine?" Akajibu, "Hauna BPA, dada, cheti ninacho." Akatuma cheti. Cheti kinasema hauna BPA. Nikauliza mara ya tatu, akanikatia.

Ndugu zangu, vile vipande vya manjano watu walivila. Sijui mpaka leo walikula nini, kwa sababu hakuna aliyekubali kunipa jina. Kama ningepewa jina ningekwenda maktaba, ningemwandikia profesa, ningetafuta maabara ya kupima. Kitu kisicho na jina hakipimiki. Nilichopewa ni jina la kitu ambacho hakimo.

Tangu siku ile, mtu akinionyesha maandishi ya kijani namwambia: usiniambie kopo halina nini, niambie lina nini.

Maana BPA ina ndugu. Ipo bisfenoli S, ipo bisfenoli F, wa tumbo moja, sura moja, na tabia zao zinakaribiana. Watu walipopiga kelele juu ya BPA kwenye karatasi za risiti, karatasi nyingi ziliwekwa bisfenoli S, zikaandikwa hazina BPA. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyelindwa. Baadaye watafiti walipoipima bisfenoli S wakakuta nayo inaiga homoni. Ukimfukuza mwizi ukamwajiri ndugu yake kulinda ghala, umefanya nini?

Je, inawezekana kufanya vingine? Inawezekana, na mfano ninao. Ni hadithi ndefu kidogo, nivumilieni, maana ndiyo niliyoifuata huku.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, walikuwapo watafiti wawili, Ana Soto na Carlos Sonnenschein. Walikuwa wanachunguza zile seli nilizowaambia mziweke akilini, seli za saratani ya matiti zinazongoja estrojeni ndipo zizaliane. Kila jaribio lilikuwa na sahani zisizotiwa estrojeni, na humo seli zilipaswa kutulia. Siku moja hazikutulia. Zilizaliana kila mahali, kwenye estrojeni na pasipo estrojeni. Wakarudia. Yale yale. Wakabadilisha vifaa kimoja kimoja, kwa miezi, mpaka wakafika kwenye mirija ya plastiki waliyokuwa wakihifadhia vimiminika. Mtengenezaji alikuwa amebadilisha mchanganyiko wa plastiki ile. Walimwomba awaambie ameweka nini, akakataa, akasema ni siri ya biashara. Ikabidi wakitafute wenyewe mpaka wakakipata, kemikali iitwayo nonilfenoli, na wakachapisha mwaka 1991.

Mnaona? Profesa wa Boston na mimi wa kiwandani tulipewa jibu moja.

Sasa sikilizeni lililofuata miaka mingi baadaye. Kampuni ya rangi na mipako ya Valspar, ya Minneapolis, Marekani, ilikuwa inatafuta utando wa kuchukua nafasi ya epoksi ya BPA. Mkemia wao, Thomas Mallen, hakufanya kama wengine, yaani kutengeneza kwanza na kutetea baadaye. Alikwenda kwa wanaoilaumu BPA. Alikwenda kwa Ana Soto, mwanamke ambaye sekta nzima ya plastiki ilikuwa haitaki kusikia jina lake, akamwomba apime kemikali zake kabla hazijaingia kwenye kopo. Hebu fikirini, mwenye kiwanda anamfuata anayemlaumu, anamkabidhi kitu chake na kumwambia: kitafutie kosa.

Kemikali waliyoichagua inaitwa tetramethili bisfenoli F, kwa ufupi TMBPF. Ndiyo, nayo ni bisfenoli, na najua mnataka kuniuliza kama huyu si ndugu mwingine wa tumbo lile lile. Swali hilo hilo ndilo walilojiuliza, na ndiyo maana walipima. Estrojeni hufanya kazi mwilini kama ufunguo kwenye kitasa. BPA ni ufunguo wa bandia unaoingia kwenye kitasa hicho kwa kulazimisha. TMBPF imeongezewa vifundo vinne kwenye umbo lake, na vifundo hivyo vinaufanya ufunguo uwe mnene, unagonga mlangoni mwa kitasa hauingii. Hiyo ilikuwa dhana. Wakazichukua zile seli za matiti, wakazipa TMBPF, wakangoja. Seli hazikuzaliana. Wakapima pia na kwa wanyama. Mwaka 2017 matokeo yakachapishwa, jina la kemikali likaandikwa waziwazi, njia ya kupima ikaandikwa waziwazi. Mwaka huo huo kampuni ya Sherwin-Williams ikainunua Valspar, na utando huo unauzwa kwa jina la valPure V70.

Siuzi utando huo, na hakuna aliyenilipa kuutaja. Wala siwaambii habari imekwisha. Mwaka 2021 watafiti wengine walichapisha majaribio ya seli shina, yaani seli zinazozaa seli za aina nyingine, za panya na za binadamu, wakaonyesha kwamba TMBPF kwa viwango walivyotumia inaweza kuziua seli hizo. Wengine wanajibu kwamba kinachofika kwenye chakula ni kidogo mno kulingana na kile cha maabara. Mjadala unaendelea. Lakini tazameni, mjadala upo kwa sababu jina lipo. Mtu asiyehusika na kampuni anaweza kuinunua kemikali ile, akaipima, akasema "mimi nimeona vingine". Kile cha manjano kilichobaki kidoleni kwangu, nani atakijadili?

Kuna njia nyingine pia, na si mpya. Wajapani tangu miaka ya 1990 walianza kubandika filamu nyembamba ya poliesta juu ya bamba badala ya kupaka. Kampuni moja ya Marekani, Eden Foods, mwaka 1999 ilirudi kwenye utando wa utomvu na mafuta kwa makopo yake ya maharage. Kwa nyanya haikuweza wakati ule, uchachu uliwashinda. Sipendi mtu anayekuja na utando mmoja akasema unafaa vyote. Maharage yana salfa, nyanya zina uchachu, samaki wana mafuta na chumvi, na kila kimoja kinauchokoza utando kwa namna yake. Ndiyo maana kuubadilisha huchukua miaka: unafunga kopo leo, unaliweka stoo, unalifungua baada ya miaka miwili. Hakuna njia ya mkato, na wadogo zangu wanafunzi, mkiajiriwa mkaambiwa mfanye jaribio hilo kwa wiki mbili kwenye joto kali halafu msaini, someni vizuri kabla ya kusaini.

Sasa wasindikaji wangu. Najua wengi mnasema, "Dada, sisi hatufungi makopo. Sisi ni wa chupa." Hebu wanaotumia chupa za glasi wanyooshe mikono. Asanteni. Karibu ukumbi mzima. Achari, jemu, tomato sosi, asali. Chupa mnafunga kwa nini? Kwa kifuniko. Kifuniko cha nini? Cha bati. Kigeuzeni. Ndani yake kuna utando, na pembeni kuna ule mpira laini unaobana mdomo wa chupa. Achari ya embe yenye siki, chumvi na mafuta, ikisafiri kutoka hapa hadi Mwanza, inakigonga kifuniko hicho njia nzima. Basi nanyi mmo, mama zangu.

Ukienda kwa muuzaji wa makopo au vifuniko, mwambie chakula chako ni nini, kina uchachu kiasi gani, kina mafuta au hakina, unakipasha kwa joto gani na kwa dakika ngapi. Asiyeuliza hayo anakuuzia bati tu. Kisha muulize utando ni wa aina gani, kwa jina. Muulize ulipimwa kwa kimiminika gani. Wapimaji hutumia vimiminika vinavyoiga chakula: asidi ya siki ya asilimia 3 kwa vyakula vichachu, mafuta ya kupikia kwa vyakula vya mafuta. Utando uliopimwa kwa siki pekee haujapimwa kwa achari yako yenye mafuta. Muulize kiasi kinachohamia kwenye chakula ni kiasi gani, na karatasi ya matokeo iwe na jina la maabara. Akisema ni siri ya biashara, mwambie bei yako nayo ni siri, uondoke. Na mkiwa ishirini mnanunua pamoja, jibu huja upesi. Mmoja akiuliza anakatiwa simu, nayajua hayo.

Kuna jaribio moja mnaloweza kufanya wenyewe, na nimelibeba. Unachukua mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, unauyeyusha kwenye maji yenye asidi kidogo, unaumimina ndani ya kopo tupu, unangoja dakika chache. Penye utando mzima hapatokei kitu. Penye tundu au mkwaruzo uliofika kwenye chuma, shaba inaganda, unaona doa jekundu la kahawia. Halikuambii utando una kemikali gani, hapana, hiyo ni kazi ya maabara. Linakuambia kama kopo lako limevaa nguo nzima au iliyochanika. Na usile tena kwenye kopo lililofanyiwa hivyo, mrututu ni sumu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia pale mezani.

Nafunua kitambaa. Sogeeni, watoto wa mbele waachieni wazee nafasi. Hili la dhahabu ni la nyanya. Hili jeupe ni la maharage, na lile jingine la maharage lina madoa meusi kwenye mshono, mnayaona? Hili la mananasi halina utando, litazameni kwenye mwanga, bati limejichora maua kama barafu. Kando yake kuna lile la pili la nyanya. Nilipolikunjua jana usiku nilipitisha kidole kwenye mikunjo ya ubavuni, kama nilivyofanya siku ile kiwandani. Sitawaambia nilipata nini. Glavu zipo kwenye boksi, mrututu upo kwenye chupa ile yenye alama nyekundu, na maandishi ya nje ya kila kopo nimeyabandika chini yake. Nani anaanza? Mama wa achari, karibu. Soma kwanza lile la kijani, kwa sauti, wote tusikie.